Maji hayaijui Jumatatu

SWALI

Assalamu alaykum Bi Mshauri, shikamoo.

Mie ni mama wa watoto 3, umri wangu miaka 36, naishi Jambiani. Nimekuja kukushitakia siku zangu. Zinaondoka, na mwezi ukimalizika nikijiuliza nimefanya nini sina jawabu, na hali ya kuwa kitako sijakaa.

Nina kamba 60 za mwani. Nikipata mbegu nafunga zote kwa mpigo, kwa hivyo zikiiva zinaiva pamoja. Siku hizo mgongo unataka kukatika, halafu nakaa wiki kadhaa sina hata senti. Nyumbani nashona: madera, sare za harusi, nguo za watoto za chuoni. Mume wangu yuko jikoni hotelini, zamu yake inabadilika kila wiki, mara asubuhi, mara jioni, mara usiku. Mdogo ana miaka 3, naondoka naye pwani namkalisha chini ya turubai. Nacheza upatu 2, mmoja wa kila Jumapili na mmoja wa mwisho wa mwezi. Na harusi, khitma, misiba, Bi Mshauri, kwetu huku tunavyoalikana unajua mwenyewe.

Miezi iliyopita tulipata semina. Mwalimu akatwambia kila mtu aandike ratiba ya wiki. Nikaiandika vizuri kwa kalamu nyekundu nikaibandika mlango wa kabati: Jumatatu na Jumanne mwani, Jumatano na Alhamisi cherehani, Ijumaa nyumba na darsa, Jumamosi watoto, Jumapili kupumzika. Wiki ya kwanza nilifurahi wallahi. Wiki ya pili, Jumatatu, nimeshuka pwani na kamba begani, maji kifuani. Nikarudi. Wiki ya tatu, Jumatano, nimekaa kwenye cherehani, wenzangu wanapita dirishani wanakwenda kuvuna. Nikaacha kushona nikawafuata. Mwenye sare zake akaja Alhamisi, hazijakwisha, akanisema mbele za watu. Tangu hapo kila nikifungua kabati kuchukua kanga naiona ile karatasi inanisuta.

Nina mambo mawili nayatamani. Kuhifadhi Suratul Mulk: nimeanza mwaka wa pili huu, nimefika aya ya 5. Na kukaa na binti yangu mkubwa, ana miaka 12, nimfundishe kushona, maana siku hizi mazungumzo yetu ni "lete maji" na "mchukue mdogo wako". Najiona mvivu. Niache mwani? Au maisha ndiyo haya, mtu unakimbia mpaka unakufa?

Na jengine: mama mkwe, ambaye tunakaa naye, anasema mwanamke anayeandika siku zake ukutani ana kiburi.

Mama wa Watatu, Jambiani


JAWABU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba.

Hilo la uvivu litoe kichwani kwanza, maana linakupoteza. Mvivu haumwi mgongo. Kibovu ni ile karatasi. Umeiandika kwa siku 7, na kazi yako kubwa haiendi kwa siku 7, inakwenda na mwezi. Toka bamvu (au bamvua, siku za maji makubwa, yanayojaa sana na kukauka sana) hadi bamvu ni siku 14 na robo tatu hivi. Ndiyo maana Jumatatu moja mwamba uko wazi saa 4 asubuhi, na Jumatatu ya pili, saa ileile, maji kifuani. Ilikuwa maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kukauka sana. Ukaja wiki ya tatu, bamvu imerudi, lakini karatasi imeipa siku 2 tu na bamvu ina siku 6, basi Jumatano ukawaona wenzio dirishani. Ratiba ya wiki inamfaa karani au mwenye duka, mtu ambaye kazi yake inafunguliwa kwa ufunguo. Maji hayaijui Jumatatu.

Kwa hivyo tunapanga upya, na kipimo chetu ni "maji", yaani bamvu 1 na maji mafu yake, siku 14 au 15. Chukua kalenda ya mwezi mwandamo, ile inayotundikwa ukumbini karibu kila nyumba. Bamvu ya kwanza ihesabu kuanzia tarehe 29 hadi tarehe 4, ya pili tarehe 14 hadi 19. Maji mafu ni tarehe 7 hadi 11, na 22 hadi 26. Siku zilizobaki katikati maji yanageuka, hayako huku wala kule. Tarehe zinaweza kupishana kwa siku 1, maana kuandama kwa mwezi kuna kuonekana na kutoonekana, basi ukiwa na shaka toka nje uutazame mwezi wenyewe. Ukitaka saa kamili, jedwali la maji hubandikwa kwenye vituo vya kuzamia na skuli za kaiti, zile tiara za kutelezea juu ya maji, huko Paje. Lipige picha kwa simu.

Sasa kamba zako, na hapa ndipo penye faida kuliko pote. Mwani unataka kama wiki 6 mpaka kuvunwa. Hesabu: bamvu 3 ni siku 44. Yaani ukipanda bamvu hii, mwani wako uko tayari bamvu ya nne, bila ya kukosea. Weye unafunga kamba 60 siku moja, kwa hivyo katika bamvu 3 una moja ya kufa na mbili za kukaa. Zigawe mafungu 3 ya kamba 20. Kila bamvu unavuna fungu 1 na kulirudisha fungu hilo hilo majini. Kamba 20 kwa siku 5 ni kamba 4 kwa siku, na siku ya 6 unabaki nayo kwa mvua, mtoto mgonjwa au msiba.

Kuhama kutoka mpango wa zamani kunataka subira. Mavuno yajayo, rudisha majini kamba 20 tu. Kamba 10 zilizoshiba, zenye matawi manene na rangi isiyopauka, usizivune, ziache majini ziwe mbegu ya bamvu mbili zinazofuata. Kamba 1 iliyokua vizuri hutoa mbegu ya kamba 4 au 5. Bamvu ya pili funga 20 nyengine kwa mbegu ya kamba 5 katika hizo, uache tena 5. Bamvu ya tatu unamalizia. Mwanzoni kipato kitapungua, nisikufiche, lakini ni mara moja tu. Ukijaribu kuruka hatua hii kwa kuvuna fungu moja kabla ya wakati, mwani mchanga unakauka ukawa mwepesi, na ukichelewesha fungu jengine linakatika lenyewe na kuchukuliwa na mkondo.

Mbegu isilale nje ya maji. Ifungwe na irudi siku ileile, na ikiwa inasubiri ifunikwe gunia lililoroweshwa maji ya bahari. Watu huirashia maji ya bomba wakidhani wanaiburudisha. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaiua.

Na usipange mwaka mzima kwa kipimo kimoja. Miezi ya kaskazi, Disemba mpaka Machi, maji ya kina kifupi yanapata moto, mwani unageuka mweupe kwenye vifundo na kukatika. Ukiona hivyo vuna mapema kilichobaki na usichukue mbegu hapo. Masika, Machi mpaka Mei, tabu iko kwenye kuanika. Siku 2 au 3 za jua zinageuka wiki, na mwani ulionyeshewa unapauka na bei inaanguka. Masika punguza, weka fungu 1 au 2. Ndiyo miezi ambayo hoteli nyingi nazo hupoa, na mumeo huenda akawa nyumbani zaidi. Mtoto wa kupelekwa hospitali mjini, safari ya kwenda kumwona mzazi: hayo yapeleke masika, yasikuingilie kusi kwenye jua zuri la kuanika.

Tuje kwenye siku yenyewe. Siku ya kwanza ya bamvu maji yanakuwa yamekauka kabisa kama saa 3:30 asubuhi. Kila siku yanasogea mbele dakika 40 hivi, kwa hivyo siku ya 6 yamefika saa 7 mchana. Wanawake wengi hupika saa moja tu bamvu nzima, halafu wanashangaa kwa nini siku 3 za mwanzo mambo yanakwenda na 3 za mwisho nyumba inapinduka. Siku 3 za mwanzo shuka pwani asubuhi, rudi, pika ukisharudi. Siku 3 za mwisho pika kabla: sufuria itoke jikoni saa 3, chakula kikae kwenye hotipoti, ndipo ushuke. Chagua vinavyostahamili kukaa, muhogo wa nazi, maharage, ndizi. Samaki wa kukaanga akikaa saa 4 huwa kama ubao. Siku hizo hizo za mwisho maji yanakukuta na adhuhuri, basi chukua kanga safi na chupa ya maji ya kutawadhia, uswali hapo juu ya mchanga mkavu. Kukimbilia nyumbani na kurudi kunakupotezea nusu ya maji.

Ukiwa na ada ya kufunga yale masiku meupe, tarehe 13, 14 na 15, tazama kalenda: yanaangukia mlango wa bamvu ya mwezi mpevu. Kuinama juani na kiu kwa saa 3 si jambo dogo. Mbona funga za Jumatatu na Alhamisi zipo, na ndani ya maji mafu zinakaa vizuri. La dini kamili mwulize sheikh wako, mie nakwambia la maji tu.

Cherehani ni mali ya maji mafu. Kosa lako lile la sare halikuwa uzembe, lilikuwa ahadi. Mteja alikuja, ukamtajia siku kwa jina lake, "njoo Alhamisi", bila kujua Alhamisi hiyo maji yatakuwaje. Kuanzia sasa mteja akija tazama kalenda kwanza. Kazi zote zitoke mwisho wa maji mafu, tarehe 11 au 26, na usitaje tarehe iliyo ndani ya bamvu hata mtu akilia. Halafu jipime. Nguo 4 zijazo, andika kwenye karatasi uliyokatia: nimeanza saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, pamoja na kupiga pasi na kutia vifungo. Ukipata saa 2, saa 3, saa 2 na nusu, saa 4, kipimo chako ni saa 4. Mtu anayejihesabia kwa ile nguo iliyokwenda mbio ndiye anayesemwa mbele za watu. Siku 5 za maji mafu, saa 5 kwa siku za kukaa kwenye cherehani kweli, ni saa 25, maana yake nguo 6. Ya 7 inasubiri maji mengine. Na chukua arubuni, nusu ya ujira, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Asiyetoa arubuni ndiye anayebadilisha mshono siku ya pili.

Utaniambia sare za harusi hazisubiri. Ni kweli, lakini zinajulikana. Mfungo mosi, yaani Shawwal, harusi zinafululiza, Shaabani watu wanawahi kabla ya Ramadhani, na Ramadhani yenyewe harusi zimelala ila nguo za Sikukuu zinamiminika. Miezi hiyo rudisha kamba 10 badala ya 20 kwenye kila bamvu, ili cherehani ipate nafasi. Kazi mbili haziwezi kuwa juu kwa pamoja.

Upatu wa kila Jumapili utoke. Pesa yako inaingia kwa bamvu na mchango wako unatoka kwa wiki, basi Jumapili za maji mafu unakopa dukani ili ulipe akiba. Mbona hiyo ni akiba inayokula deni! Usiutoroke katikati, maana wenzio watadhulumika; ngoja zamu zote zizunguke, kisha waage. Wa mwisho wa mwezi baki nao. Ukiwapata wenzio wa mwani 8 au 10, anzisheni wa kila baada ya bamvu, siku ile mwani unapopimwa, pesa ikiwa bado mkononi.

Harusi na misiba ni vitu viwili, usivitie kapu moja. Msiba hauna ratiba, ndiyo sababu nimekuachia siku ya 6 ya bamvu na zile siku za maji kugeuka. Usizijaze. Watu wakiona siku tupu kwenye karatasi inawawasha, wanatia kitu. Siku tupu ndiyo inayokuwezesha kwenda mazikoni bila ya kuharibu nguo ya mtu. Harusi inajulikana mapema, na kinachokula si kwenda, ni sare. Amua kwa mwaka sare 2, za ndugu wa damu, basi. Mwengine akija na kitambaa mwambie hivi: "Sare sitochukua, lakini siku ya kupika nitakuja asubuhi nikune nazi." Hapana mwenye harusi anayekasirikia mikono miwili jikoni. Usieleze sababu ndefu. Ukieleza, atakutafutia dawa ya kila sababu.

Mumeo. "Nisaidie" ni neno kubwa mno, mwanamme analisikia na hajui ashike wapi. Siku yake ya mapumziko, baada ya kula, mpe karatasi ya siku 15 na kalamu, mwambie atie zamu zake juu ya siku zako. Hotelini zamu hutoka wiki kwa wiki, kwa hivyo nusu ya pili ataijaza baadaye. Kisha omba jambo moja lenye saa: siku za bamvu akiwa zamu ya jioni, mdogo abaki naye toka saa 3 mpaka saa 7. Akiwa zamu ya usiku usimwombe, ametoka kazini alfajiri, mwache alale. Siku hizo mdogo abaki kwa bibi yake au kwa jirani mnayepokezana. Jua la saa 5 na mtoto wa miaka 3 chini ya turubai halifai, na weye ukiwa umeinama humwoni maji yakianza kujaa. Hilo ndilo jambo katika barua yako nisilolipenda hata kidogo.

Suratul Mulk ina aya 30. Zimebaki 25. Umekwama kwa sababu unaianza kila siku, na siku za bamvu unalala na kitabu mkononi, kesho yake unaona haya kukishika. Siku za bamvu usihifadhi jipya hata aya moja. Rudia ulizonazo ukiwa unafunga mbegu, mikono inafanya kazi na ulimi hauna shughuli. Maji mafu, baada ya alfajiri kabla watoto hawajaamka, aya 2. Siku 5 ni aya 10, na maji mafu 3 ni aya 30, kwa hivyo una ziada ya aya 5, na ziada hiyo ni ya siku zako za mwezi au usiku mtoto aliokukesha. Siku ya 44 unavuna fungu lile ulilopanda na sura imetimia. Ikichelewa maji mamoja hapana kilichoharibika. Muhimu usiirudie tena aya ya 1 mpaka ya 5 kila unapoanza upya kama unavyofanya sasa, hizo unazijua.

Binti yako usimwite "njoo nikufundishe" siku una kazi ya mteja mezani, utamwona kila kosa ni hasara. Maji mafu, siku 2, baada ya alasiri, nusu saa. Toa uzi kwenye cherehani. Mpe karatasi ya daftari lenye mistari, apitishe sindano juu ya mstari akikanyaga polepole, vitundu vifuate wino. Karatasi ya kwanza vitundu vitatangatanga, ya tano vitanyooka. Baadaye mistari ya kupinda, chora duara kwa kikombe. Hapo ndipo umpe kanga kuukuu na uzi, akunje pindo. Atachukua maji mawili au matatu kufika huko, na katika muda huo mtakuwa mmekaa bega kwa bega, macho yote kwenye sindano. Mtoto wa umri huo husema mengi asipotazamwa usoni. Ana miaka 12. Yako mambo ya mwili wake ambayo ni bora ayasikie kwako hapo kuliko ayasikie njiani.

Umeuliza uache mwani. Bado. Huna hesabu ya kuamulia. Fungua daftari, kila bamvu andika vitu 3: kilo kavu ulizouza, pesa uliyopokea, na saa ulizotumia, pamoja na kuanika na kuzoa mvua ikija. Kumbuka kilo 7 mpaka 10 mbichi ndizo zinazotoa kilo 1 kavu, kwa hivyo usijidanganye kwa mzigo unaoutoa majini. Kila maji mafu andika vilevile kwa cherehani, utoe uzi, vifungo na umeme au sindano. Baada ya bamvu 3 gawa pesa kwa saa. Ikiwa cherehani inakulipa maradufu, shusha kamba zibaki 30, usifute zote, maana kushona kuna miezi ya ukame na mwani haukuulizi mfungo gani. Ikiwa zinakaribiana, baki hivyo. Wako wanaoacha mwani kwa hasira ya siku moja ya mgongo, wakatafuta mbegu upya mwaka unaofuata kwa kuomba.

Kuhusu maisha ni ya nini, sitokuandikia waadhi. Fanya hivi kwa maji mawili, siku 30: baada ya isha, kabla hujalala, andika mstari mmoja, leo nani nimempa muda wangu. Majina tu. Mteja, mkwe, mdogo, jirani, mume. Siku ya 30 hesabu. Kuna jina utalikuta mara 25 na kuna jina hutoliona kabisa. Nadhani nalijua moja litakalokosekana, lakini andika mwenyewe. Maji yanayofuata jina hilo lipe nafasi moja ya nusu saa, yenye tarehe, kabla hujampa mtu mwengine yeyote. Usipange majina matatu kwa pamoja, utarudi kule kwenye kalamu nyekundu.

Na ulale. Saa 7 kwa usiku, hata siku za bamvu. Taa ya cherehani izimwe saa 4 usiku. Mshono wa saa 6 usiku unafumuliwa asubuhi, na kufumua kunachukua muda zaidi ya kushona. Uchovu ukiwa haupungui baada ya maji mawili ya mpango huu, ukipanda ngazi moyo unadunda, ukiona kucha na ndani ya mdomo vimepauka, nenda kituo cha afya wakupime wingi wa damu. Wanawake wengi wa umri wako wanajiita wavivu na kumbe damu imepungua. Na ikiwa ni huzuni, wiki 2 mfululizo huna hamu ya chochote, usingizi umekimbia, machozi hayana sababu, hilo nalo ni la daktari, halitibiki kwa ratiba.

Anza tarehe 7 ya mwezi mwandamo ujao, kwenye maji mafu. Ukianzia bamvu utakuwa na kazi mikononi na mpango mpya kichwani, utauacha siku ya pili. Karatasi usiinunue, ibandue ile ya kabatini, nyuma yake ni nyeupe. Chora visanduku 15, kalamu ya kawaida inatosha.

Halafu mpelekee mkweo kabla hujaibandika. Mwambie: mama, karatasi yangu ya kwanza niliikosea, nimesahau maji, hebu nitazamie. Yeye ametembea pwani hiyo kabla ya kamba za mwani kuja, anajua bila kitabu bamvu ipi msimu huu inakauka zaidi, ya mwezi mchanga au ya mwezi mpevu, na siku gani maji yanawahi kurudi kwa upepo. Tarehe atakazozisahihisha ziandike mbele yake. Na ikiwa bado atasema ni kiburi, basi karatasi ikae upande wa ndani wa mlango wa kabati.